Mistari Minne ya Gazeti

Jumapili, tarehe tisa Novemba. Mvua ilinyesha tangu misa ya kwanza hadi saa saba mchana, kisha ikakatika ghafla na jua likatoka. Maji yamesimama kwenye matuta ya viazi huko nyuma. Hapa Masaka, pembezoni mwa mji mkuu wetu, udongo unanata viatuni kiasi kwamba mgeni akija kukuamkia anakuletea nusu ya barabara ndani ya nyumba.

Aliyeniletea nusu ya barabara leo ni Keza, binti wa marehemu kaka yangu. Anafanya kazi ya ofisini na anakaa Kagugu, upande mwingine kabisa wa jiji. Kila Jumamosi yeye na vijana wenzake kama kumi na watano hukutana kusoma na kubishana juu ya mambo ya dunia: vita, watu wanaohama makwao, nani anatawala na nani anatawaliwa, kama msaada wa nchi tajiri unasaidia kweli au unalemaza. Sasa wamekubaliana kwamba kila mmoja amwombe mzee mmoja wa kwao ataje maandishi matatu ambayo kijana wa leo hapaswi kufa bila kuyasoma.

"Matatu tu, Shangazi," alisema huku anavua viatu mlangoni. "Hata kama ni ya zamani."

Nikamwambia mimi niliishia darasa la saba, akamwulize mjomba wake aliyesoma Kampala.

"Mjomba ametaja vitabu kumi na viwili. Nikamwuliza cha tano na cha sita vinasema nini, akaanza kukohoa."

Tulicheka, ingawa mjomba wake ni mtu mwenye elimu ya kweli na sipendi achekwe akiwa hayupo. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema, na mimi nadhani hapo ndipo inapotupasa kumwangalizia lake.

Kisha Keza akanionyesha simu yake. Kulikuwa na picha inayotembea, ya watu wengi barabarani katika nchi moja ya mbali, wamebeba magodoro, masufuria na watoto. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwamba amani imerudi na watu wanarejea makwao. Keza alikwisha kuituma kwa wenzake wote, na macho yake yalikuwa yamejaa maji ya furaha.

"Nani amesema wanarejea?" nilimwuliza.

"Si imeandikwa, Shangazi."

"Godoro halisemi linakwenda au linarudi. Mwanzo wa habari uko wapi? Mwisho wake uko wapi?"

Akatafuta. Hakupata mwanzo wala mwisho. Inawezekana kweli walikuwa wanarejea, mimi sijui, na nilimwambia hivyo. Lakini niliyaona yale macho yake, na ninayajua. Niliwahi kuyatazama yale macho nikiwa na umri mdogo kuliko wake, na nikayafanyia ubaya. Ndiyo maana nikaenda chumbani kuchukua daftari hili.

Mwanangu, na ninyi wenzake mtakaosomewa haya huko Kagugu, orodha mtaipata. Sina hakika kama maneno yatakayoitangulia yana faida, maana mimi si mwandishi, ni mtu wa kuandika tu mvua imenyesha na kuku ametaga. Mwenye haraka aruke. Lakini siwezi kumwambia mtu asome nini kabla sijamwambia mimi mwenyewe nilisomaje.

Ipo Jumapili moja ambayo imenikalia moyoni kuliko Jumapili zote za maisha yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulikuwa Karagwe, upande wa Tanzania, katika makazi ya wakimbizi, na tulikuwa tumekaa huko miaka mingi kiasi kwamba migomba tuliyoipanda ilikwisha kuzaa wajukuu. Nasema tulikuwa wakimbizi, lakini kwa haki niseme pia kwamba tulipewa ardhi, tulisomeshwa, na majirani zetu Wanyambo hawakutubagua zaidi ya jinsi majirani wanavyobaguana popote. Hatukuwa na njaa ya chakula. Njaa yetu ilikuwa nyingine. Jioni wazee walikuwa wanageuza viti vyao vitazame magharibi, upande wa kwetu, bila mtu kumwambia mwenzake.

Palikuwa na duka moja la mzee Saidi. Sabuni ya mche ilikuwa inafika kwake imefungwa kwa magazeti, na mzee Saidi, Mungu amrehemu, alikuwa ananiwekea yale magazeti badala ya kuyatupa. Nilikuwa nayapeleka nyumbani, nayanyoosha kwa pasi ya mkaa, halafu Jumapili baada ya misa nayasoma kwenye baraza ya duka. Gazeti lilikuwa la Kiswahili. Wazee wetu wengi hawakujua kusoma, na Kiswahili walikijua cha kununulia chumvi tu. Kwa hiyo kazi zangu zilikuwa mbili kwa pamoja: macho yasome Kiswahili, mdomo utoe Kinyarwanda. Katikati ya macho na mdomo, mwanangu, pana njia ndefu, na hakuna askari hata mmoja anayeilinda.

Nilipenda kusoma. Lazima nikiri zaidi: nilipenda wanavyonyamaza. Msichana wa miaka kumi na saba hanyamaziwi na wazee mahali popote pengine. Nikisema neno "mkutano", ndevu ishirini zinasogea mbele. Tulisoma bei ya pamba, hotuba, vita vya nchi ambazo hatukuzijua ziko wapi. Mzee Petero, aliyekuwa mtani wa kijiji kizima, kila nikitaja nchi mpya alikuwa anauliza, "Huko nako kuna ng'ombe?" Nikisema sijui, anasema, "Basi wacha wapigane, hawana kazi nyingine."

Mzee Karoli yeye alikuwa hatanii. Alikuwa mtu mrefu, mfuga nyuki, mkewe alifia njiani wakati wa kukimbia. Usiku ule wa kukimbia alikuwa amemwacha binti yake wa miaka minne kwa dada yake, kwa sababu mtoto alikuwa na homa na njia ilikuwa na mvua. Alidhani anamwacha kwa wiki mbili. Jina la mtoto lilikuwa Anastazia. Hakuwa akimtaja mara kwa mara, ila kila Jumapili mwisho wa kusoma, wengine wakianza kuinuka, yeye aliuliza swali moja lile lile kwa sauti ndogo.

"Hamna neno letu humo?"

Nami nilikuwa najibu, "Leo hamna, Mzee."

Nilijibu hivyo Jumapili nyingi mfululizo. Kisha ikafika ile moja. Ukurasa wa nne, chini kabisa, kando ya tangazo la pamba, palikuwa na mistari minne. Ilisema kwamba mazungumzo kuhusu wakimbizi wa nchi jirani yameahirishwa na yataendelea mwezi ujao. Ni hayo tu. Naikumbuka mistari hiyo kuliko sala ninazosali.

Nilitazama juu nikamwona Mzee Karoli. Alikuwa hajauliza bado, lakini mdomo ulikwisha kujiandaa kuuliza. Nikahisi siwezi kumpa neno "yameahirishwa". Nikasema kwa Kinyarwanda kwamba mazungumzo yanakwisha mwezi ujao, na watu wataanza kurudi kwao.

Mbele ya nafsi yangu nilikuwa na kinga. Nilijiambia lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilijiambia nimeongeza kidogo tu, kama mpishi anavyoongeza chumvi. Nilijiambia hata wakubwa wenyewe labda ndivyo wanavyokusudia. Siku hizi nikisikia watu wazima wenye shahada wakijitetea kwa maneno ya namna hiyo kwenye redio, siwezi kuwacheka. Nayajua yanakopikwa.

Baraza zima lilisimama. Mama mmoja aliimba. Mzee Petero, aliyekuwa hajawahi kukosa utani, alikosa. Mzee Karoli alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa heshima, kama vile mimi ndiye niliyekuwa mkubwa.

Sasa kila mtu alifurahi, lakini si kila mtu alitenda. Wengi walisema tungoje tusikie zaidi. Mzee Karoli alikuwa amengoja vya kutosha. Wiki ile ilikuwa ya kupanda maharage. Yeye hakupanda. Kipande chake cha shamba alimpa jirani, mizinga akawagawia vijana, jembe akampa mtu. Halafu akaenda kwa fundi cherehani kushonesha gauni. Fundi alimwuliza kipimo. Mzee akaweka kiganja chake usawa wa paja. "Hivi," akasema.

Watu walimcheka, lakini kwa upole. Mzee Petero akamwambia, "Karoli, huyo mtoto sasa ni mwanamke, huenda ana wa kwake."

"Najua kuhesabu," akajibu. "Lakini nilimwacha hivi."

Mimi nilikuwepo pale, nilikuwa nimeenda kuchukua sketi yangu. Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, alikuwa peke yake wakati anatoka, na mistari minne ilikuwa kwetu chini ya godoro langu. Nilimwambia, "Safari njema, Mzee."

Alitembea siku tatu hadi mto Kagera. Nilijua baadaye, kwa kinywa chake. Alifika upande wa Tanzania wa mto akakaa kwenye mafunjo siku mbili, akitazama moshi wa majiko ya ng'ambo. Mwenye mtumbwi alikataa kumvusha. Askari wa mpakani walimkuta, wakamwambia hakuna ruhusa yoyote, hakuna makubaliano yoyote, arudi alikotoka. Hawakumpiga. Walimpa maji na muhogo wa kuchoma. Hilo alilisisitiza kila aliposimulia, nami nalisisitiza kwa sababu yake.

Alirudi na miguu imevimba. Mvua za kupandia zilikuwa zimepita. Alienda kwa yule mtu akaazima jembe lake mwenyewe ili alime pembeni mwa shamba lake mwenyewe. Kilichoniua kabisa ni kwamba kijijini watu walipoanza kuninong'ona, yeye ndiye aliyenitetea. "Mwacheni Yustina," alisema. "Mtoto amesoma kilichoandikwa. Gazeti ndilo limedanganya."

Nililala nalo neno hilo siku tano. Siku ya sita ilikuwa Jumapili. Mzee Karoli alifika barazani kabla ya wote, akaniambia nimletee lile gazeti. Alitaka nimwonyeshe ni wapi hasa lilipodanganya, ili awe analijua kwa sura asiliamini tena. Nikalileta. Wazee wakakaa. Nikaufungua ukurasa wa nne.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu iliishia pale, kwenye baraza ya duka la sabuni. Nikasoma kama ilivyo, neno kwa neno, nikatafsiri kama ilivyo. Yameahirishwa. Yataendelea. Basi.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Mzee Petero alitazama chini akawa anachora kwa fimbo. Mzee Karoli akasema, na maneno yake nayaandika kama nilivyoyasikia, bila kuongeza:

"Binti yangu, mimi sina macho ya karatasi. Nilikuwa natumia yako. Ulipoona la moyo wako ukaniambia ni la gazeti, ulinitia upofu juu ya upofu."

Nikaanza kulia. Nikasema nilimwonea huruma.

"Huruma yako ilikuwa yako," akasema. "Ungenipa kama yako, ningeipokea. Ungesema, Mzee, gazeti linasema wameahirisha, ila mimi Yustina natamani mngerudi mwezi ujao. Ningefurahi. Ningepanda maharage nikiwa nafurahi."

Kisha akanishika kidole hiki cha shahada, akakiweka kwenye karatasi. "Kuanzia leo, ukisoma, kidole kiwe chini ya neno. Soma kilichopo. Ukitaka kuongeza lako, ongeza, hakuna anayekukataza, lakini inua kidole kwanza, ili sisi tusiojua tujue."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani hawatanitaka tena. Jumapili iliyofuata Mzee Karoli alikuja, akaketi mahali pake, akauliza gazeti liko wapi. Nilisoma pale miaka mingine tisa, na ikawa desturi. Kidole kikiinuka, Mzee Petero anasema, "Kaeni vizuri, sasa tunasikia gazeti la Yustina," na watu wanacheka. Siku nyingine aliniambia kidole changu kinakaa hewani kuliko kwenye karatasi, na alikuwa na haki. Nilikuwa na maoni mengi. Lakini hakuna tena aliyegawa jembe lake kwa ajili yangu.

Mzee Karoli alifia kule, kwenye msimu wa kiangazi, kabla njia hazijafunguliwa. Lile gauni alikuwa amempa mtoto wa jirani, na lilikwisha kuvaliwa likawa matambara. Njia zilipofunguliwa mimi nilikuwa mama wa watoto watatu. Nilivuka. Yaliyoipata nchi hii kabla sijavuka siyasimulii, kwa sababu sikuwepo. Usiku husimuliwa na aliyeukesha, ndivyo wanavyosema kwetu, na waliokesha wapo, waulizeni wao kwa adabu.

Mnaweza kudhani nilimtafuta Anastazia. Niliuliza mara mbili tatu. Kwa kweli niliuliza kama mtu anayeomba asijibiwe. Kisha maisha yakanishika, na miaka ikapita mingi.

Mwaka juzi katika jumuiya yetu ya sala hapa Masaka alijiunga mama mmoja wa umri wangu, aliyehamia kwa mwanawe kwenye zile nyumba mpya. Jioni moja tulikuwa tunazungumza juu ya kusamehe, kila mtu na lake. Ilipofika zamu yake akasimama, akataja kilima alikozaliwa, akasema: "Mimi nimemsamehe baba yangu Karoli, aliyeniacha na homa nikiwa na miaka minne, akaenda Tanzania, asigeuze shingo hata mara moja kuniangalia." Akakaa. Watu wakasema amina.

Mimi sikusema amina.

Nilikaa kimya wiki tatu. Nawaambia ninyi vijana ili msidhani uzee unaleta ujasiri. Nilijua kitu ambacho yeye hakukijua: kwamba baba yake aligeuza shingo, na mwili, na miguu. Lakini kumwambia kile, ilinibidi nimwambie na kwa nini. Kila nilipopanga kusema nusu, ile nusu tamu, niliikumbuka ile baraza. Ningekuwa nafanya tena kile kile, na safari hii nina mvi.

Nikaenda mchana, siku ya Jumanne. Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwambia jina langu na tulikokulia. Nikamsimulia yote, tangu sabuni mpaka mafunjo. Nilipofika palipo na mambo niliyoyaona kwa macho, niliyasema moja kwa moja. Nilipofika palipo na ninayodhani, kidole kiliinuka chenyewe kwa mazoea, ikabidi nimweleze na maana yake. Alinisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza, mikono yake ikatulia.

"Alifika mtoni?"

"Alifika."

"Wewe umeona, au umeambiwa?"

Swali zuri, mwanangu. Baba yake angelipenda. "Nimeambiwa na yeye mwenyewe," nikasema. "Miguu iliyovimba niliiona. Gauni nililiona."

"La rangi gani?"

"Njano, la maua madogo."

"La kunitosha?"

Nikaweka kiganja usawa wa paja langu, kama alivyofanya yeye kwa fundi. Anastazia alikitazama kiganja changu pale kilipokuwa. Akacheka kidogo. Halafu akajifunika uso kwa ncha ya kitenge.

Baadaye akasema, "Basi uongo wako ndio ulionipa baba."

Hapo, mwanangu, ilikuwa rahisi sana kunyamaza na kuupokea msamaha ukiwa na sukari. Nilimwambia hapana. Nilimwambia uongo wangu ulimpotezea baba yake msimu mzima na miguu. Zile siku tatu za kutembea zilikuwa za baba yake, hazikuwa zangu. Nikamwambia pia lile linaloninyima usingizi: huenda kama nisingemdanganya, nguvu zile angezitunza kwa siku nyingine iliyo bora, akavuka, wakaonana.

"Na huenda asingeondoka kabisa," akasema.

"Huenda."

"Hujui."

"Sijui."

Akarudi kwenye ungo. "Mimi nitakaa na lile linalojulikana," akasema. "Alifika mtoni."

Alhamisi ya wiki ile kwenye jumuiya aliomba nafasi kabla ya sala. Akasimama, akataja tena kilima chake, akasema ana jambo la kusahihisha. "Baba yangu alikuja kunichukua. Alizuiwa mtoni." Hakutaja jina langu. Nikasimama nikalitaja mwenyewe, kwa sababu bila hilo habari ingekuwa nusu.

Basi hiyo ndiyo sababu. Sasa orodha.

La kwanza, tafuteni kitabu chochote cha jiografia cha shule ya msingi, chenye ramani ya dunia, hata kama hakina jalada. Mtu akiwaambia nchi fulani inaungua, tazameni kwanza ni nani wanapakana nayo, mto unapita wapi, watu watakimbilia upande gani. Tulisoma vita vya dunia nzima pale barazani bila ramani, na ndiyo maana tulikuwa tunauliza habari za ng'ombe.

La pili mtalicheka. Ni kile kikaratasi kinachokunjwa ndani ya boksi la dawa. Kisomeni chote. Ndiyo maandishi pekee ninayoyajua ambayo anayekuuzia kitu anakuambia pia kitakudhuruje. Mkishakizoea, chukueni hotuba ya mtu yeyote mnayempenda, au wazo lolote jipya linalowapandisha damu huko Kagugu, mlitafutie upande wake wa madhara. Kama mwandishi hakuuweka, haimaanishi haupo. Na msimtafutie madhara yule mnayemchukia peke yake, hiyo si kazi ngumu.

La tatu ni habari moja iliyoandikwa mara mbili, na watu wa pande mbili zinazogombana. Yoyote. Isomeni ya huku, kisha ya kule, polepole, na muweke alama pale zinapokubaliana. Hapo ndipo pa kusimama. Panaweza kuwa padogo kama mistari minne. Msione aibu kusimama mahali padogo.

Sikutaja Biblia kwa sababu hiyo mlipewa kabla yangu. Sikutaja vitabu vikubwa kwa sababu sijavisoma, na mjomba wa Keza yuko tayari kuwasaidia, mkimwuliza kwa heshima.

Nasaha yangu ni hii, na ni ya kuazima. Duniani wako wengi wanaokaa wamegeuza viti vyao kutazama kwao, na ninyi mnaojua kusoma ndio macho yao. Usimpe mtu tumaini lako ukamwambia ni habari. Mpe tumaini, ni lako, mpe kwa mikono miwili, ila mwambie limetoka kwako. Soma kilichopo, hata kikiwa kichungu, hata kikiwa kidogo, hata kama mbele yako amekaa mtu unayempenda. Na ukikosea, usingoje miaka hamsini kama mimi. Rudi barazani ukiwa bado na mtu wa kukusikia.

Mungu awape macho mazima na ulimi usioyapita macho. Awape wazee wa kuwakemea bila kuwafukuza. Mnaowangoja wavuke salama, na ninyi mnaongojwa mfike kabla ya viti kubaki vitupu. Njia zenu ziwe wazi, na zikifungwa, mkutane na askari atakayewapa maji.

Keza amesoma haya kabla sijafunga daftari. Ameuliza kama anaweza kufupisha sehemu ya mzee Petero. Nimemwambia afupishe, lakini aseme amefupisha. Kuhusu ile picha ya magodoro amewaandikia wenzake kwamba hajui kama watu wale wanakwenda au wanarudi.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na sombe ya majani yake. Keza amesema chumvi imepungua, na ni kweli ilikuwa imepungua.